Paka Anaumwa, Kichocho Ni Chako

Paka wenu anakataa dagaa, anatapika, macho yamekuwa ya njano. Mtaani utaambiwa kalishwa sumu. Inawezekana. Lakini wakati mwingine mchawi ni yule mjusi kafiri aliyemla.

Ndani ya mjusi huweza kukaa mnyoo bapa, mdogo sana. Unaanzia kwa konokono wa nchi kavu, unaingia kwa wadudu wa ardhini, mjusi anawala, paka naye anamla mjusi. Kisha unajificha kwenye mirija ya nyongo na kuiziba. Wewe huupati kwa kumbeba paka.

Ukiona mkiani vipande kama punje za wali, hilo ni tegu: paka kameza kiroboto akijilamba. Na ule utepe mweupe ndani ya dagaa wa Mwaloni Kirumba? Huo hukomaa kwa ndege wala samaki, siyo kwa paka.

Sasa tukugeukie wewe. Wapo vijana wakiona damu chooni wanamfukuza paka. Jamani! Kichocho cha tumbo kinatoka majini. Konokono wa Ziwa Victoria, mdogo tu, anamwaga vijidudu visivyoonekana ambavyo hupenya ngozi ukiwa unaoga, unafua au unavuta nyavu, iwe Igombe au Ukerewe. Hata usipoyanywa maji. Minyoo ikikomaa hutaga mayai. Mengine hutoka na choo, na yakifika ziwani konokono anaambukizwa upya. Mengine hunasa kwenye ini. Miaka inapita, tumbo linavimba, mtu anaweza kutapika damu.

Mbali na ufukwe, kwenye madimbwi na majaruba ya mpunga, kuna kichocho cha mkojo. Dada, hiki kinaweza kukuletea vidonda na damu ukeni, watu wakaanza kunong'ona kwamba ni zinaa. Usikae kimya. Mwambie daktari ulikuwa unaingia majarubani, maana asipoambiwa huenda akakutibu kitu kingine.

Kumbe dawa inayoua tegu la paka na kichocho chako ni ileile, prazikwanteli! Ila msigawane. Paka ana daktari wa mifugo. Wewe utapimwa uzito, au shuleni utasimamishwa kwenye kijiti cha urefu, ndipo uhesabiwe vidonge. Kula kwanza ushibe. Ni vichungu, na tumbo tupu vinalichafua.