Usikilizaji wa Muziki na Afya ya Akili ya Vijana: Mfano wa Masasi na Newala

Afya ya akili, kwa maana inayokusudiwa na wataalamu, si kutokuwa na wazimu tu, bali ni hali ya mtu kuyamudu mashaka ya kawaida ya maisha, kujifunza, kufanya kazi na kuishi vyema na wenzake. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mtu mmoja kati ya kila saba wenye umri wa miaka 10 hadi 19 anaishi na tatizo fulani la afya ya akili, na kwamba mengi ya matatizo hayo hayatambuliwi wala kutibiwa. Katika Masasi, mji ulio kwenye tambarare yenye vilima vya mawe, na katika Newala, iliyo juu ukingoni mwa uwanda wa Makonde, mashaka ya ujana yana majira yake. Mtihani wa kidato cha nne hufanyika Novemba, wakati minada ya korosho imepamba moto na mikono ya watoto inahitajika shambani, ilhali matokeo hutoka Januari, wakati fedha ya msimu imekwisha kugawanywa au imekwisha kabisa, na ndipo kijana anapojua kama ataendelea na masomo, atabaki nyumbani au atapanda basi kwenda Dar es Salaam.

Muziki umo ndani ya majira hayo yote. Kijana anayeokota korosho na kuzinyofoa kwenye mabibo huwa na simu ya kitochi mfukoni, ndani yake mna memori kadi iliyojazwa nyimbo kwa fundi simu, na waya mmoja wa kusikilizia umeingia sikio la kushoto huku la kulia likiachwa wazi ili asikie akiitwa. Wazee wengi huutazama muziki huo kwa mashaka, wakidai kwamba singeli na Bongo Fleva ndizo zinazowaharibu watoto, ingawa msanii Harmonize, ambaye vijana hao wanamsikiliza kwa fahari, ni mtoto wa Tandahimba, jirani kabisa na Newala. Lawama hiyo imekosa shabaha, kwa kuwa utafiti wa miaka ya karibuni unaonyesha kwamba aina ya muziki haitoshi kueleza madhara au manufaa yake, na kwamba jambo la kuangalia zaidi ni namna unavyosikilizwa na hali anayobaki nayo msikilizaji baada ya wimbo kwisha.

Katika mwili, wimbo unaopendwa huamsha sehemu za ubongo zinazohusika na raha, na watafiti wa Montreal, nchini Kanada, walionyesha mwaka 2011 kwamba wakati wa msisimko huo ubongo hutoa dopamini, kemikali ileile inayotoka mtu anapokula chakula kitamu akiwa na njaa. Mapigo ya polepole nayo huweza kuvuta pumzi na moyo viende taratibu, na kumbukumbu zilizoshikamana na wimbo hurudi pamoja na hisia zake, ziwe tamu au chungu. Kwa sababu hiyo wimbo uleule humtuliza mmoja na kumliza mwingine.

Nchini Finland, Suvi Saarikallio na Jaakko Erkkilä walieleza mwaka 2007 njia saba ambazo vijana hutumia muziki kuongoza hisia zao, zikiwemo kujiburudisha, kurudisha nguvu baada ya uchovu, kujisahaulisha kero, kumwaga hasira, kuyatafakari yaliyotokea na kutafuta faraja. Njia hizi ni nzuri au mbaya kwa kadiri ya zinakompeleka mtu. Anayetafakari akapata neno la kumwambia mama yake amefaidika, lakini anayerudia wimbo wa kuachwa usiku kucha, akiyatafuna mawazo yaleyale bila kufika popote, anajiongezea huzuni, na mazoea hayo ya kuzungukia wazo moja ni miongoni mwa mambo yanayohusishwa na sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito inayodumu na kumnyang'anya mtu hamu ya kila kitu. Mwaka 2015 Saarikallio na wenzake walitunga dodoso fupi la kupima tofauti hiyo, ambalo miongoni mwa mambo linayochunguza ni iwapo kijana hujificha ndani ya muziki ili awakimbie watu, au huutumia kujikaribisha kwao.

Hapo ndipo uwanda wa Makonde una la kufundisha. Karl Weule, mtaalamu wa Kijerumani kutoka Leipzig aliyezuru Masasi na Newala mwaka 1906, alibeba fonografu, mashine iliyonasa sauti katika silinda za nta, na huenda hao walioimba mbele yake walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza wa eneo hilo kusikia sauti zao zikitoka kwenye chombo. Kabla ya hapo kusikiliza muziki peke yako lilikuwa jambo gumu kulitenda, kwa kuwa ngoma huhitaji watu wa kuiotesha moto ili ngozi ikaze, wapigaji, waitikiaji na wachezaji, na katika ngoma ya sindimba mtazamaji wa sasa ndiye mchezaji wa punde. Nyimbo za jando na unyago zilimpa kijana, katika kipindi cha hofu na mabadiliko, wenzake wa rika moja na mtu mzima wa kumwongoza. Vincent Lucas, askofu wa kwanza wa Kianglikana wa Masasi tangu mwaka 1926, aliliona hilo, na badala ya kulifuta jando alilitafutia nafasi ndani ya Kanisa, akiondoa yale aliyoona hayapatani na imani. Hii haina maana kwamba kila kilichomo katika mila hizo kirudishwe, maana malalamiko ya walimu kuhusu wanafunzi wanaokosa masomo kwa ajili ya sherehe yana haki yake. Kinachofaa kuchukuliwa ni ule utaratibu wa kusikiliza pamoja na mtu anayejali, na hautaki gharama, kwani mwalimu wa malezi anaweza kumwomba mwanafunzi amletee wimbo anaousikiliza sana, wausikilize wote wawili, kisha aulize unamwacha vipi.

Kwa kijana aliye peke yake ipo kanuni iliyoelezwa na daktari Ira Altshuler mwaka 1948, inayotaka muziki uanze kwa kulingana na hali ya msikilizaji kisha umsogeze kidogo kidogo. Mwenye hasira asilazimishwe kusikia kaswida au kwaya ya upole papo hapo, bali aanze na wimbo wenye kishindo, ufuatwe na wa wastani, halafu wa polepole, na orodha hiyo aipange mapema akiwa ametulia. Sauti nayo ina mpaka: kwa mtu mzima desibeli 80 huvumilika kwa saa 40 kwa wiki, lakini zikifika 90 muda salama hushuka hadi saa 4, na subufa za vigodoro, zile sherehe za usiku za mitaani, huupita mpaka huo kwa mbali. Muziki unaoandamana na pombe, iwe uraka au nipa, kila mara, kwa upande wake, haupaswi kuhesabiwa kuwa kitulizo.

Yote hayo ni msaada wa kila siku, wala si tiba ya muziki, ambayo ni huduma ya mtaalamu aliyesomea. Hata hiyo, kwa mujibu wa mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2017, iliwapunguzia wagonjwa wa sonona dalili kwa muda mfupi ilipoongezwa juu ya matibabu ya kawaida. Kijana ambaye kwa wiki mbili halali, hali, amejitenga au anazungumzia kufa, asiachiwe simu na nyimbo zake. Afikishwe hospitali ya Mkomaindo, ya Ndanda, ya wilaya Newala au kituo cha afya kilicho karibu, na kwa aliye chini ya miaka 18 namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto hupigwa bila malipo.