Unauza vifaa vya skii vilivyotumika? Anza na wayo wa mteja

Naandika nikiwa Calgary, Kanada, ambako nauza mtandaoni vifaa vya skii vilivyotumika. Skii ni zile mbao mbili ndefu na nyembamba ambazo watu wanazifunga miguuni wakateremka nazo mlimani juu ya theluji. Wateja wangu wengi ni wageni kama mimi, wako msimu wa kwanza, wanataka kwenda Banff na watoto. Kwa wenzangu mlio huku kwenye baridi, biashara hii ipo. Ila ukiuza ovyo, huyu mteja harudishi mzigo tu, anaweza kuvunjika mguu.

Mteja mpya anaanza kuulizia skii zenyewe, rangi na kampuni. Mrudishe kwenye viatu. Saizi ya viatu hivi ni urefu wa wayo kwa sentimita, siyo 42 ile tuliyozoea. Asimame kisigino kikigusa ukuta, apime mpaka ncha ya kidole kirefu, akutumie namba. Akija kujaribu, chomoa kiatu laini cha ndani, aingize mguu kwenye ganda tupu, vidole viguse mbele kidogo. Nyuma ya kisigino ibaki nafasi ya sentimita moja na nusu hadi mbili. Soksi moja nyepesi inatosha. Wengi wanavaa mbili kwa kuogopa baridi, kiatu kinabana, damu haipiti vizuri na vidole ndiyo vinaganda.

Kuna baba mmoja alitaka viatu vya mwanawe wa miaka 8 vizidi kwa sentimita mbili nzima, ili avivae misimu mitatu. Sikumuuzia. Kiatu kikipwaya mtoto hawezi kuziongoza skii, anaenda zinakotaka. Nikamwelekeza kwenye maduka yanayokodisha vifaa vya watoto msimu mzima. Hela ilinipita, sawa.

Viatu vina namba ya ugumu pia. Anayeanza, kina mama 60 hadi 80, kina baba 70 hadi 90. Ile 130 ni ya mabingwa. Skii ukizisimamisha zimfike kati ya kidevu na pua, basi, usimchoshe na mengine.

Sasa vibano, yaani kile chuma na plastiki kinachoshika kiatu kwenye skii. Kazi yake kubwa ni kuachia mtu anapoanguka. Kisipoachia, goti au mfupa ndio unaolipa. Kukaza kwake kunategemea uzito, urefu, umri, uwezo wa mtu na urefu wa soli ya kiatu chake. Kwa hiyo usishike bisibisi ukamkazia mteja kwa kukisia, hata akuombe vipi. Hiyo ni kazi ya fundi mwenye kipimo. Na kabla hujanunua mzigo ujue hili: huku Kanada na Marekani, kampuni zinatoa orodha ya vibano ambavyo bado zinavidhamini. Kibano kisichokuwemo, duka halikigusi. Skii za namna hiyo zinabaki pambo la ukutani, ziuze kama pambo.

Viatu vilivyopita miaka kumi mimi sinunui, plastiki yake inazeeka na inaweza kupasuka mtu akiwa mlimani. Vile vya miaka ya 1980 vinavyofungukia nyuma, achana navyo kabisa. Helmeti iliyotumika pia siuzi, kwa sababu ikishagongwa inaweza kuharibika ndani na nje isionekane.

Tangazo langu huwa hivi, nakili ukitaka:

"Viatu vya skii saizi 26.5, ugumu 80, soli milimita 305, vimetumika misimu miwili. Picha ya soli ipo. Nitumie urefu wa wayo wako kwanza. Vibano lazima vikarekebishwe na fundi dukani kabla hujapanda mlima."

Mwenye swali aandike kwenye komenti, nitajibu nikishafunga mizigo ya leo.