Unapiga picha Riruta usiku? Usinunue lenzi kwa kuangalia nambari moja tu

Giza likiingia Riruta, picha tamu ndipo huanza. Kando ya Naivasha Road muuza mutura anapepea makaa, kinyozi amewasha taa nyeupe, na wasee wa nduthi wanasubiri abiria chini ya mulika mwizi. Ukiwasha flashi, umeua mwanga uleule uliokuvutia, na kila mtu anakugeukia.

Ndiyo sababu wapenzi wa filamu huzisaka kamera za renjifaida kama Leica M au Zorki ya Urusi. Ni ndogo, na hazina kioo kinachoruka ndani ukibonyeza. Shida huja ukitaka lenzi ya kunasa uso bila kumsogelea mtu sana: milimita 75, 85 au 90. Wengi huuliza tundu lake lina ukubwa gani, basi. Hapo ndipo mfuko hutoboka.

Renjifaida haikuonyeshi kile lenzi inachoona. Unachungulia kidirisha chenye taswira mbili katikati, kisha unazungusha lenzi mpaka ziwe moja. Sasa piga hesabu. Ukiwa mita 2 kutoka kwa mtu, na lenzi ya 90 ikiwa wazi kwa f/2, sehemu itakayotoka safi ni kama sentimita 6 tu. Muuza mutura akiinama kugeuza nyama, jicho limeshapotea. Lenzi ya 75 kwa f/2 inakupa sentimita 8 na nusu hivi. Ya 50, kwa f/2 hiyo hiyo, karibu 19.

Halafu kuna mkono kutetemeka. Lenzi ya 90 inataka kasi ya 1/125 hivi, ilhali ya 50 inavumilia 1/60. Yaani ile 90 ya bei inakula nusu ya mwanga uliolipia!

Kamera nayo ina kikomo chake. Kadiri madirisha mawili ya kupimia yalivyo mbali, ndivyo fokasi inavyokuwa sahihi. Kwenye Leica M yameachana kwa takriban milimita 69. Kwenye Zorki-4 hayafiki 40. Kwa hivyo mwenye Zorki, kaa na Jupiter-8 ya milimita 50, f/2. Mwenye Leica, mimi ningechukua 75: Summicron f/2 ukiwa na pesa, au Voigtländer Color-Heliar f/2.5 ukiwa wa kawaida kama sisi.

Na 85 je? Lenzi hizo zina historia. Mwaka 1950 huko Tokyo, David Douglas Duncan wa jarida la Life aliona picha iliyopigwa kwa Nikkor ya 85, f/2, akazikubali lenzi za Nikon papo hapo. Lakini inayovutia vijana kwa bei ni Jupiter-9 ya Urusi, na hiyo ukiifunga kwenye Leica, fokasi ya karibu inaweza kukuhadaa. Kabla ya kulipa, laza gazeti mezani, simama mita moja na nusu, lenga mstari mmoja tundu likiwa wazi kabisa, kisha safisha filamu uone ni mstari upi uliotoka safi.

Ukishaipata, usilenge shavu lililo gizani. Tafuta ukingo unaong'aa: kola ya shati, mdomo wa sufuria, tone la mwanga ndani ya jicho. Na mwombe mwenyewe kwanza: "Boss, naomba nikupige picha ukiendelea na kazi." Akikubali, subiri ainue kichwa kutoka kwenye jiko.