Saa ya babu: usimpe mtoto aifungue

Katika nyumba nyingi hapa kambini kuna saa ya mkono iliyovuka mpaka pamoja na wenyewe, au iliyonunuliwa mtumba. Wanafunzi wananiuliza kila mara: mwalimu, hii imezeeka au imekufa?

Kuzeeka siyo kuharibika. Rangi ya dhahabu ikichubuka mpaka shaba ikaonekana, hilo ni jasho la mkono tu. Kioo cha plastiki chenye mikwaruzo, kisugue na dawa ya meno kwa kitambaa laini, kitang'aa. Saa ya ufunguo inayochelewa mara nyingi mafuta yamekauka ndani, fundi aisafishe. Lakini ukiona ukungu chini ya kioo usingoje, maji yameshaingia na kutu inafuata.

Sasa jambo lenyewe. Baadhi ya saa za kabla ya mwaka 1970 hivi, namba na mishale yake ilipakwa rangi ya kung'aa gizani yenye radiamu. Na radiamu nyingi ya dunia miaka ya 1920 na 1930 ilitoka kwetu Kongo, mgodi wa Shinkolobwe, Katanga! Leo rangi ile haing'ai, imekuwa kahawia na inamomonyoka. Watu wanadhani basi, nguvu imekwisha. Hapana. Kilichochoka ni ile dawa inayotoa mwanga. Radiamu yenyewe inachukua miaka 1600 hivi kupungua nusu tu. Kule Marekani, wasichana waliopaka saa hizo karibu na miaka ya 1920 walikuwa wanachonga brashi kwa midomo. Radiamu ikaingia mifupani, taya zikaoza, wengine wakafa.

Saa iliyofungwa vizuri, kioo kizima, hatari yake mkononi ni ndogo. Ubaya uko kwenye vumbi. Kwa hiyo wazazi, saa ya namna hiyo hata kama imekufa, msiwape watoto waichokonoe na kisu. Na ninyi mafundi, msiikwangue rangi hiyo wala kupuliza vumbi lake kwa mdomo.

Saa za plastiki za betri zinazouzwa siku hizi hazina radiamu. Hizo watoto wafungue, wajifunze, ila mtu mkubwa atoe kwanza kile kibetri. Mtoto akikimeza kinaweza kumuunguza koo ndani ya saa 2 tu, kwa hiyo mkimbizeni hospitali hapo hapo, hata kama halii.