Mtoto Aliyezaliwa Mbele ya Wakati: Ubongo Wake Ungali Unajengwa

Leo tuseme juu ya mtoto anayezaliwa mbele ya siku zake kutimia. Wanganga wanamhesabu hivyo kama amezaliwa mbele ya juma la 37 la mimba. Si jambo la watu wachache: mwaka 2020 ulimwenguni mzima walizaliwa zaidi ya milioni 13, ndiyo kusema karibu mmoja kwa kila kumi.

Mama anaonyeshwa kitoto cha kilo moja na nusu, ngozi nyembamba, mikono kama vijiti, na swali la kwanza ni moja tu: « Huyu mutoto ataishi? » Akiishi, kiisha miezi michache linakuja la pili, na hilo watu wanaliuliza kwa sauti ya chini: « Na kichwa chake? Atatembea? Atashika masomo? » Ni juu ya swali hilo la pili tunaandika, maana mengi yanayolijibu yanafanyika katika majuma ya kwanza, na mkono wa wazazi uko ndani.

Waya bila mpira

Ubongo wa mtoto unajengwa kwa utaratibu. Kufika mwezi wa sita wa mimba, chembe nyingi za fahamu zimekwisha kuzaliwa, na nyingi zimesafiri kutoka katikati ya ubongo mpaka mahali pake pa kukaa. Lakini bado hazijashikana vizuri. Kwa nje ubongo ni laini kama yai. Ni katika miezi mitatu ya mwisho unapojikunja ile mikunjo tunayoiona kwa picha, chembe zinanyoosha mikono na kushikana, na mishipa inaanza kuvikwa mafuta.

Sisi watu wa migodi tunajua shaba. Waya wa shaba unaoleta umeme nyumbani umevikwa mpira. Ukiwa uchi, nguvu inapotea njiani. Mishipa ya fahamu ni vile vile: ikivikwa mafuta, habari inapita mbio. Kazi hiyo inaanza tumboni na inaendelea miaka mingi. Sasa, zile chembe zinazokuja kuvika mishipa ndizo zinaumia upesi, hewa ikikosekana ao mwili ukiingiwa na maambukizo, zaidi sana kati ya juma la 23 na la 32. Ndiyo sababu watoto wengine wa namna hiyo wanakuwa na miguu migumu: njia zinazopeleka amri kwa miguu zinapita karibu kabisa na pale panapoumia.

Kuna watu wanaosema: « Mutoto wa miezi saba anapona, wa miezi munane anakufa. » Hapana, si kweli. Kila juma ndani ya tumbo linaongeza kitu. Katika juma la 34 ao 35 ubongo una uzito wa karibu theluthi mbili tu za ule utakaokuwa nao siku zikitimia. Basi wa miezi munane yuko na nafasi nzuri kupita wa miezi saba, na kumwacha bila matunzo juu ya mapokeo kama hayo ni kumuua bure.

Anasahau kupumua

Mambo mengi yanayotisha wazazi yanatoka kwa ubongo huo ambao haujakomaa. Mtoto anapumua, kiisha anasimama, sekunde ishirini ao zaidi, uso unageuka rangi. Si pepo. Sehemu ya ubongo inayoamuru pumzi bado ni changa, na ku lopitali wanaweza kumpa dawa ya kafeini, ndiyo ile ile iliyo ndani ya kahawa, kwa kuiamsha. Lakini ni dawa ya kipimo cha munganga. Nkambo asimtilie mtoto kahawa mdomoni!

Kunyonya pia. Kunyonya, kumeza na kupumua kwa zamu ni kazi ya ubongo, na mtoto anaanza kuiweza karibu na juma la 32 mpaka la 34. Mbele ya hapo anapewa maziwa ya mama kwa mpira mdogo unaopita puani ao mdomoni, kiisha kwa kikombe. Mama asivunjike moyo. Aendelee kukamua, mchana na usiku, maana hayo maziwa ni kinga na chakula cha ubongo pia.

Tena, katikati ya ubongo wake kuna mishipa midogo ya damu, myembamba sana. Ikipasuka, mara nyingi ni katika siku tatu za kwanza. Basi ashikwe polepole, asitikiswe, asipitishwe mkono kwa mkono na wageni. Na kelele ipunguzwe: masikio yamekwisha kusikia, lakini ubongo haujui kujikinga na makelele. Redio izimwe. (Ndugu wanaokuja kuimba pale kitandani, upendo wenu unaonekana, lakini imbeni nje.)

Kifua cha mama

Mwaka 1978, katika muji wa Bogotá, inchi ya Kolombia, munganga Edgar Rey Sanabria alikuwa na shida ambayo wengi wetu tunaijua: kuvezi hazitoshi, watoto wanalazwa wawili wawili ndani ya moja, wanaambukizana, wanakufa. Akawaomba wamama wawaweke watoto kifuani, ngozi kwa ngozi, kama kanguru anavyobeba mtoto wake. Wengi waliona ni dawa ya maskini. Kumbe!

Mwaka 2021 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi uliofanywa Ghana, Malawi, Nigeria, Tanzania na Uhindi, kwa watoto wa kilo moja mpaka karibu moja na gramu 800. Wale waliowekwa kifuani mara moja baada ya kuzaliwa, vifo vyao vilipungua kwa robo moja hivi, wakilinganishwa na wale waliongojea kwanza hali yao itulie. Na wale wa Bogotá? Walitafutwa tena walipofika miaka 20, habari ikatangazwa mwaka 2017: waliobebwa kifuani walikosa shule mara chache zaidi, na ukali wao na fujo vilikuwa kidogo kupita wenzao wa kuvezi. Tangu 2022 Shirika la Afya Ulimwenguni linaomba kifua hicho saa 8 mpaka 24 kila siku, na kuanza upesi iwezekanavyo.

Namna yake: mtoto na kofia, soksi na nepi tu, amesimama kati ya matiti, kichwa kimegeuzwa upande na shingo imenyooka kidogo ili pumzi ipite, miguu imekunjwa kama ya chura. Kiisha kikwembe kinamfunga imara. Mama akichoka, baba avue shati. Wababa wengine wanaona haya. Kifua cha mwanaume kina joto sawasawa, na mtoto haulizi.

Mama asilaumiwe kwamba alifanya kosa ao alirogwa. Malaria inaweza kuleta uchungu mbele ya wakati, na maambukizo pia, ao presha, ao mapacha. Mara nyingi sababu haionekani kabisa. Mwenye mimba alale ndani ya chandarua na afuate vipimo vyake. Maji yakivunjika ao damu ikitoka mbele ya siku, aende lopitali saa ile ile: kati ya juma la 24 na la 34 kuna sindano ambayo munganga anaweza kumpa mama, inasaidia mapafu ya mtoto kukomaa na inapunguza ile hatari ya damu ku ubongo.

Mkirudi nyumbani, hesabuni miezi yake vizuri. Aliyezaliwa miezi miwili mbele, akiwa na miezi sita, mumpime kama wa miezi mine. Mfanye hivyo mpaka afike miaka miwili. Msimlinganishe na mtoto wa jirani. Lakini kama kwa hesabu hiyo amefika miezi tisa na hajaketi peke yake, ao ngumi zake hazifunguki, ao miguu inakazana kama mkasi, ao anatumia mkono mmoja tu, mumpeleke kwa munganga juma lile lile. Kunyoosha viungo na kuchezesha kunasaidia zaidi ubongo ungali mchanga.