Kumchagulia Ngege Mwenzake Bwawani

Wahenga walisema ya kwamba fahali wawili hawakai zizi moja. Mbarara ni nchi ya wafugaji, na usemi huo hauhitaji kufafanuliwa kwa mtu aliyekua akichunga ng'ombe wenye pembe ndefu. Hata hivyo, wengi huusahau wanaposimama ukingoni mwa bwawa la samaki na ndoo ya vifaranga mkononi. Humimina humo samaki yeyote aliyepatikana, wakiamini kwamba maji yanatosha na kila mmoja atajitafutia. Miezi kadhaa baadaye wavu hukokotwa, na kinachotoka ni samaki wembamba wa kimo cha kidole, au kambare wawili watatu walionenepa kwa kuwala wenzao. Karo ya watoto iliyotarajiwa haipatikani.

Samaki wa kwanza anayefikiriwa na familia nyingi, mjini Mbarara na katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, ni ngege, yaani tilapia, ambaye Watanzania humwita sato au perege. Ni chaguo la busara. Ngege hula mimea midogo inayoyapa maji rangi ya kijani, hukubali pumba na makombo ya jikoni, na nyama yake hupendwa na wakubwa kwa wadogo. Lakini anayo kasoro moja kubwa: huzaa upesi mno. Aweza kuanza kuzaa akiwa na umri wa miezi mitatu au minne, kabla hajafikia ukubwa wa kutosha sahani. Jike huyatunza mayai yake kinywani, na kwa hiyo vifaranga wengi husalimika. Bwawa lililowekwa samaki mia nne hujaa maelfu, chakula hakitoshi, na wote hudumaa.

Mbarara iko juu ya usawa wa bahari kwa kiasi cha mita 1,400, na usiku wake una ubaridi. Ngege hustawi zaidi katika maji ya nyuzijoto 25 hadi 30. Katika maji yaliyopoa kuliko hayo hukua polepole, ilhali kuzaa hakukomi. Ndiyo sababu ngege huhitaji mwenzake wa kumpunguzia uzao.

Mwenzake huyo huchaguliwa kwa maswali matatu. La kwanza, anakula nini? Akiwa anakula kile kile anacholaumiwa ngege kukimaliza, hakuna faida iliyopatikana. La pili, kinywa chake ni kikubwa kiasi gani kikilinganishwa na mwili wa ngege? La tatu, je, anayaweza maji yale yale, yenye tope na hewa kidogo wakati wa alfajiri?

Sangara, ambaye Uganda huitwa mputa, hushindwa mara mbili. Hana subira na maji yenye hewa haba, na akistawi hana mpaka katika kula. Kamongo naye hafai. Meno yake yana nguvu, hula samaki pia, na hujificha ndani ya tope hata ikawa taabu kumtoa siku ya kuvua.

Anayeyajibu maswali yote matatu vizuri ni kambare. Huyu ni mwenyeji wa maji ya nchi hizi. Anacho kiungo cha kuvutia hewa kutoka juu ya maji, basi hali ya alfajiri haimtishi. Hula wadudu, mabaki yaliyo chini ya bwawa, na vifaranga wa ngege. Tena yeye mwenyewe huzaa kwa nadra katika bwawa lililotulia, kwa kuwa hungoja mvua na majani yaliyofunikwa na mafuriko. Hivyo haongezi idadi ya midomo.

Hata kambare, hata hivyo, ni rafiki kwa masharti. Sharti kuu ni kimo. Siku ya kuwekwa bwawani yapasa awe mfupi kuliko ngege atakaowakuta. Atawameza vifaranga watakaozaliwa baadaye, lakini wazazi wao hatawaweza. Mwenye bwawa anayetanguliza kambare, au anayenunua kambare wakubwa kwa tamaa ya kuvuna mapema, huwa amewanunulia chakula cha gharama. Pia kambare wenyewe wawe wa kimo kimoja, maana mkubwa humla mdogo wa jamaa yake.

Chukulia familia ya askari yenye bwawa la mita 10 kwa 20, lenye kina cha mita moja. Kwa ngege wawili katika kila mita ya mraba, bwawa hilo litachukua ngege 400. Kambare mmoja kwa ngege kumi hutosha, yaani kambare 40, nao huwekwa baada ya ngege kukaa mwezi mmoja au miwili. Mfuko wa vifaranga uelezwe juu ya maji kwa dakika 15 au 20 kabla ya kufunguliwa, ili joto la ndani na la nje lilingane. Kingo za bwawa ziinuliwe vizuri, kwani usiku wa mvua kambare huweza kutambaa nchi kavu na kwenda zake.

Wapo wanaochagua ngege madume peke yao. Samaki akifikia uzito wa gramu 30 hivi hugeuzwa tumbo juu na kutazamwa: dume ana matundu mawili, jike ana matatu. Ni njia njema, lakini jicho hukosea, na majike wachache waliopita huweza kulijaza bwawa. Kwa askari anayeweza kuhamishwa wakati wowote na kumwachia mkewe kazi yote, kambare ni mlinzi asiyehitaji kusimamiwa.

Uchaguzi huu hauishii kwenye uzio wa nyumba. Mto Rwizi hupita Mbarara na kuelekea mashariki, kwenye maziwa na ardhi oevu ya Mburo na Nakivale, ambayo mwaka 2006 iliingizwa katika orodha ya Mkataba wa Ramsar. Bwawa la bondeni likifurika, samaki wake huondoka na maji hayo. Ziwa Victoria lilitoa funzo: sangara alitiwa humo katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, na kufikia miaka ya 1980 alikuwa amechangia kuangamiza aina nyingi za nkejje, samaki wadogo wasiopatikana penginepo. Makazi ya Nakivale, yaliyoanzishwa mwaka 1958, yako kando ya ziwa lenye jina hilo, na zipo familia zinazotegemea samaki wake kwa kitoweo na riziki.

Basi, kabla ya ndoo kumiminwa, yafaa ofisa wa uvuvi wa wilaya aulizwe, vifaranga vitoke kwa mzalishaji anayejulikana, na kambare apimwe ubavuni mwa ngege. Akionekana mrefu zaidi, arudishwe alikotoka.