NENO "KUPIGA" NA MAANA ZAKE NYINGI

Katika toleo hili tunapenda kuzungumzia neno dogo tunalolitumia kila siku, nalo ni "kupiga".

Mtoto akiulizwa maana yake atajibu haraka kuwa ni kuchapa kwa mkono au fimbo. Amejibu sawa, lakini hiyo ni maana moja tu. Zipo nyingine:

1. Kutumia chombo: tunapiga pasi, mswaki, deki na simu. Wavuvi wa Ziwa Tanganyika hupiga makasia.

2. Mambo ya mwili: kupiga chafya, miayo, magoti, mbizi.

3. Maneno na maamuzi: kupiga hodi, soga, kura, marufuku.

Hapa maana hubebwa na neno linalofuata. Ukiondoa "hodi" katika "amepiga hodi", mgeni anageuka mgomvi.

Kwa nini tumeleta somo hili katika gazeti la madrasa? Ni kwa sababu Kiarabu nacho kina kitenzi "dharaba", ambacho wanafunzi wa nahau hukutana nacho mapema katika mfano wa Zayd kumpiga Amri. Wengi hukariri maana hiyo, wakaishia hapo.

Sasa tufungue Msahafu. Katika Surat Al-Baqara aya ya 60, Nabii Musa (a.s.) anaamrishwa alipige jiwe kwa fimbo yake. Huko ni kupiga kwenyewe. Katika Surat Ibrahim aya ya 24, kitenzi hicho hicho ni kupiga mfano, yaani mfano wa neno jema na mti mzuri. Katika Surat Al-Kahf aya ya 11, kimetumika kwa masikio ya vijana wa pangoni, kwa maana ya kulazwa usingizi wa miaka mingi. Na katika Surat An-Nisaa aya ya 101, kikifuatwa na "fii", ni kusafiri katika ardhi. Aya hiyo inahusu kupunguza Swala safarini. Mwenye kujua maana moja tu atasema watu wanaipiga ardhi, na hukumu ya Swala ya msafiri itampita.

Kwa hiyo tunawausia wanafunzi: tazameni neno linalofuata, rejeeni kamusi na tafsiri za wanazuoni, na muulizeni ustadhi kabla ya kumfasiria mwenzenu.

ZOEZI: Nyumbani, pamoja na wazazi, andikeni matumizi kumi ya "kupiga" ambayo hayamuumizi mtu.

Wabillahi tawfiq.